Mfano wa hema la kukutania wa kufundishia: nunueni, ila fundi ana vitu vya kurekebisha

Kama unafundisha sande skuli au kipaimara unajua kazi inavyokuwa ukifika Mambo ya Walawi. Watoto wanasinzia, wakubwa nao wanakimbilia kitabu cha Hesabu, halafu Waebrania 10:4, "Maana haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi", unabaki mstari wa kukariri tu, ukimuuliza mtu kwa nini haiwezekani anakujibu kwa sababu Biblia imesema. Ni kweli imesema, lakini imesema na sababu zake, na nyingi ya hizo sababu ziko hukohuko Walawi ambako hatutaki kukaa. Ndo maana niliposikia kuna fundi hapa Dar anatengeneza kwa mbao mfano wa hema la kukutania, lile hema la ibada la Waisraeli jangwani, kwa ajili ya madarasa nikaagiza, 120,000 pamoja na wanyama, hela ya boda juu yangu. Nimeutumia kwa watoto, nimeutumia kwa vijana wa kipaimara, kina mama wa jumuiya nao wakauomba, kwa hiyo naongea kitu ambacho nimekiona kikifanya kazi mezani.

Nianze na kizuri, na kizuri kikubwa ni vipimo. Huyu fundi Kutoka kakisoma kwa kweli. Ua wa hema kwenye Kutoka 27 ni dhiraa 100 kwa 50, dhiraa moja weka kama sentimita 45, yaani eneo la kama mita 45 kwa 22 na nusu, yeye kashusha mara 50, kwa hiyo ubao wake una sentimita 90 kwa 45 na unakaa vizuri kwenye meza ya darasa. Hema lenyewe limetoka sentimita 27 kwa 9. Madhabahu ya shaba ni sentimita 4 na nusu kila upande na pembe zake nne zipo, birika la makuhani kunawia lipo, mlango uko mashariki kama inavyotakiwa, ndani meza ya mikate iko kaskazini na kinara kusini. Paa linanyanyuka lote, ukilitoa unaona patakatifu na patakatifu pa patakatifu kwa pamoja. Sanduku la agano ni kadude ka sentimita 2 na kitu ila kamepakwa rangi ya dhahabu na makerubi yanaonekana ukisogeza macho. Mbao ni paini, imepigwa msasa vizuri, sijaona mtoto kachomwa na kibanzi hata mmoja.

Na kuna kitu ambacho picha ya kitabuni haikupi. Mwambie mtoto aweke kidole mlangoni halafu atembee kwenda kwa Mungu. Cha kwanza anachogonga ni madhabahu. Akitaka kupita pembeni anakutana na birika, halafu mlango wa hema, halafu pazia, na nyuma ya pazia haruhusiwi yeyote, ni kuhani mkuu peke yake mara moja kwa mwaka. Vijana wangu walikaa kimya kidogo pale, mmoja akasema mwalimu mbona hapa kila kitu ni kizuizi. Nikamwambia shika hilo hilo, maana Waebrania 9:8 inasema karibu maneno hayo hayo, kwamba hema lile likiwa bado limesimama, njia ya kuingia patakatifu ilikuwa haijafunguliwa.

Sasa tuje kwenye wanyama. Unapewa fahali mmoja, kondoo mmoja, mbuzi mmoja, njiwa wawili, vyote vya plastiki. Mbuzi mmoja hatoshi! Siku ya upatanisho kwenye Walawi 16 inataka mbuzi wawili, wanapigiwa kura, mmoja anachinjwa na damu yake inaingizwa ndani ya pazia, mwingine Haruni, kuhani mkuu, anamwekea mikono miwili kichwani, anaungama juu yake maovu ya wana wa Israeli, halafu anapelekwa jangwani aende nayo moja kwa moja. Ukiwa na mbuzi mmoja huwezi kufundisha hiyo sura, unafundisha nusu yake. Nimeongezea wangu wa kununua Kariakoo, rangi hazifanani lakini imesaidia. Na usisahau fahali, kwa sababu kabla ya hao mbuzi wawili Haruni anatakiwa achinje fahali kwa ajili yake mwenyewe na nyumba yake. Watoto walilishika hili haraka kuliko wakubwa: kumbe na huyu anayetuombea ana dhambi za kwake! Waebrania 7 inalikazia sana, makuhani wale walianza na dhambi zao ndipo wakaja za watu, na walikuwa wanakufa, anakuja mwingine, naye anaanza na zake.

Binti mmoja mdogo darasani, tulipofika kwenye kuweka mkono kichwani mwa mnyama, alimshika yule mbuzi wa plastiki akauliza, kwani huyu kafanya nini? Nilimwacha swali lake liwe somo la siku nzima. Mbuzi hajafanya kitu. Tatizo ni kwamba hajui hata kinachoendelea, amevutwa kamba, hajakubali, hajakataa, hawezi kusema mimi nabeba la huyu ndugu. Aliyekosa ni mtu, amekosa kwa moyo wake na kwa hiari yake, na anayechinjwa ni kiumbe ambacho hakina hiari ya namna hiyo. Anasimama badala ya mtu kama ishara, kweli, na Mungu mwenyewe ndiye aliyeiweka hiyo ishara, Walawi 17:11 inasema "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu", kwa hiyo isije ikafundishwa kwamba Waisraeli walikuwa washamba wanachinjachinja tu. Lakini ishara ya malipo na malipo yenyewe ni vitu viwili. Kwenye Waebrania 10 mwandishi anaichukua Zaburi 40 anamwekea Kristo mdomoni, "Dhabihu na toleo hukutaka, lakini mwili uliniwekea tayari", halafu, nimekuja niyafanye mapenzi yako. Pale ndipo tofauti ilipo. Amekuja mwenyewe, akiwa na mwili wa mtu, akiwa na hiari, na hiari hiyo hakuitumia hata mara moja kukosa. Kwenye Yohana 10 anasema hakuna anayemwondolea uhai wake, bali anautoa mwenyewe. Hakuna kondoo aliyewahi kusema hivyo.

Haya, kiti. Fundi kaweka kiti kidogo karibu na madhabahu, nadhani kaona kuhani atachoka, na kiukweli kakitengeneza vizuri. Hicho kitoeni. Soma orodha yote ya vyombo kuanzia Kutoka 25 hutakuta mahali pa kuhani kukaa (kiti cha rehema ni mfuniko wa lile sanduku, hakuna binadamu aliyewahi kukalia). Na hilo sio jambo dogo kabisa kwa sababu Waebrania 10:11 inasema kila kuhani husimama kila siku akifanya ibada na kutoa dhabihu zile zile mara nyingi ambazo haziwezi kabisa kuondoa dhambi, halafu mstari unaofuata, huyu, yaani Kristo, alipokwisha kutoa dhabihu moja kwa ajili ya dhambi aliketi. Aliketi! Unasimama kwa sababu kazi haijaisha, kesho asubuhi kuna mwanakondoo na jioni kuna mwanakondoo, Kutoka 29 ndo ratiba yenyewe, kila siku bila kukosa, juu ya hapo kuna za sabato, za mwezi mwandamo, za sikukuu, na za kila mtu aliyekosa huko kwenye hema yake. Nilichofanya, kile kiti nimekitoa uani nimekiweka pembeni kabisa nje ya ubao, na vijana wa kipaimara nawaomba waniambie wenyewe nani anaruhusiwa kukikalia. Wakishajua jibu hawalisahau. Kwa hiyo kosa la fundi limenisaidia, lakini mwalimu ambaye hajasoma ataliacha pale na watoto watabeba picha ya uongo.

Kitu kingine hakimo kwenye boksi na kingegharimu shilingi mia tu: unga. Walawi 5 inasema mtu akikosa analeta mnyama jike wa kundini, kondoo au mbuzi, asipoweza analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asipoweza hata hao analeta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kama lita 2 hivi, hauna mafuta wala ubani, na bado inahesabika sadaka ya dhambi na bado anaambiwa atasamehewa. Hebu kaa na hilo kidogo. Kama nguvu ingekuwa ndani ya mnyama mwenyewe, masikini wa unga angerudi nyumbani na dhambi yake. Waebrania 9:22 nayo inasema katika Torati "karibu" vitu vyote husafishwa kwa damu, karibu, na nadhani huyo wa unga alikuwa kwenye hilo karibu. Siku hizi nakuja na kikombe cha unga wa ngano kutoka nyumbani nauweka pale madhabahuni, na ndo sehemu ambayo kina mama wa jumuiya walianza kuongea.

Maana hapa kuna jambo linaniuma na nitalisema. Mama mmoja kwenye jumuiya yetu aliambiwa na mtumishi mmoja alete mbuzi, tena wa rangi fulani, ili avunjiwe laana ya ukoo na kusafishwa dhambi za babu zake. Mtumishi na huduma yake siwataji. Mama hana hela, anauza maandazi, akaanza kuchangisha. Na anaambiwa ni Biblia, anasomewa Walawi kabisa! Sasa mama huyo alipoona ule unga kwenye madhabahu ya mbao na tukasoma kwa sauti Waebrania 10:18, "Basi, ondoleo la hayo likiwapo, hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi", alirudia yale maneno hapana toleo tena, akaniomba nimwandikie mstari kwenye karatasi aondoke nao. Ukiona Mkristo anadaiwa mbuzi wa dhambi leo, anayedai anasema, ajue asijue, kwamba pale msalabani palibaki salio. Nisieleweke vibaya, kuchinja mbuzi mkala pilau na ndugu zako hakuna shida, na majirani zetu Waislamu wanapochinja Idd el-Hajj ile ina maana yake kwao na siyo ninayoizungumzia hapa. Nazungumzia mbuzi anayepelekwa kwa mtumishi wa Kristo ili aondoe dhambi.

Kina mama walitaka nieleze kwa lugha ya nyumbani kwa nini ile ya kila mwaka haikumaliza, nikawaambia wafikirie mkopo wa kausha damu, unapeleka rejesho, unapokelewa, unasainiwa kwenye kijitabu, wiki hiyo hakuna anayekuja kukuchukulia godoro, lakini hela uliyokopa unaambiwa iko palepale na tarehe ikifika unaitwa tena. Mfano una mwisho wake, Mungu siye mkopeshaji wa kunyonya watu, yeye ndiye aliyelipa, ila kwenye suala la kuitwa tena unafaa. Waebrania 10:3 ndicho inachosema, kwamba katika dhabihu hizo kuna kumbukumbu la dhambi kila mwaka. Kila siku ya kumi ya mwezi wa saba taifa zima lilikuwa linakumbushwa kwamba bado lina dhambi. Ingekuwa zimeondoka, mwandishi anauliza, si zingekoma kutolewa?

Vijana wa kipaimara wao wana maswali magumu zaidi, na huu mfano unawachokoza. Mmoja alinibana: mwalimu, Walawi 4 inarudia mara kibao kuhani atafanya upatanisho naye atasamehewa, wewe unasema damu ya mbuzi haiondoi, sasa kipi ni kipi? Swali zuri sana na msilikimbie. Mungu alisamehe kweli, hakuwa anawadanganya watu wake. Swali ni alisamehe kwa msingi gani, na Paulo anajibu kwenye Warumi 3:25, kwamba Mungu kwa ustahimili wake aliziachilia dhambi zilizotangulia kufanywa, akiwa anamwelekea Kristo. Waebrania 9:15 inasema mauti yake ilikomboa hata makosa yaliyokuwa chini ya agano la kwanza. Yaani yule mzee wa Israeli aliyeleta mbuzi wake kwa imani alisamehewa kwa damu ambayo ilikuwa haijamwagika bado. Kile ambacho damu ya mnyama ilifanya yenyewe, Waebrania 9:13 inakiweka wazi, ilisafisha mwili, yaani mtu aliyekuwa najisi anarudi kambini, anaruhusiwa kusogea kwenye ibada. Kwenye dhamiri haikufika.

Na kuhusu dhamiri fungueni Zaburi 51. Daudi kachukua mke wa mtu, kamuua mume. Kwa Torati, kwa mambo hayo mawili, hakuna mbuzi, wala fahali, Hesabu 35 inakataza hata fidia kwa muuaji. Nilimpa kijana mmoja wanyama wote wa kwenye boksi nikamwambia mchagulie Daudi. Akapekua Walawi na wenzake kama robo saa, wakaniambia hakuna wa kwake. Ndipo tukasoma "Maana hupendezwi na dhabihu, au ningeitoa". Angekuwa na wa kutoa angetoa, alikuwa mfalme, mazizi yalikuwa yamejaa! Hata mwizi wa Walawi 6 alitakiwa kwanza arudishe mali ya mwenzake na aongeze sehemu ya tano juu yake, ndipo alete kondoo dume. Isaya 1 Mungu anawauliza watu wanaoleta wanyama wengi huku mikono yao imejaa damu, "Huu wingi wa sadaka zenu mnazonitolea una faida gani?" Manabii hawakusubiri Agano Jipya lije liseme, walishasema.

Nirudi kwenye bidhaa. Pazia. Fundi kalitengeneza vipande viwili vinavyofunguka katikati kama pazia la dirishani, kurahisisha kuonyesha ndani. Nimeelewa nia yake ila hapana. Kutoka 26 ni pazia moja, la samawi, zambarau na nyekundu, na Mathayo 27:51 inasema pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini Yesu alipokufa. Ukiwa na pazia ambalo limeshafunguka tayari unapasua nini? Mimi nimeshona la kwangu kipande kimoja, na siku ya somo la Ijumaa Kuu nakata kidogo pale juu halafu mtoto mmoja analichana mpaka chini mbele ya wenzake, kwa hiyo shona mengi ya akiba, kitambaa cha bei rahisi kinatosha. Na madhabahu ina ngazi tatu ambazo hazitakiwi, Kutoka 20:26 imekataza ngazi, hizi nilizibandua kwa kisu na rangi ikabanduka kidogo.

Mambo madogo: gundi ya nguzo za ua sio imara, nguzo za upande wa magharibi zimeanza kutoka, nunua gundi ya mbao uongezee kabla hujawapa watoto. Rangi ya dhahabu inaacha vumbi mkononi. Wanyama ni wakubwa kuliko inavyotakiwa, mbuzi anakaribia kuwa mrefu kuliko madhabahu, watoto hawajali ila wakubwa wanauliza. Kile kijitabu cha maelezo kilichokuja nacho ni karatasi mbili za fotokopi, zinataja majina ya vyombo na mistari ya Kutoka, basi, hakuna Walawi wala Waebrania humo ndani, na bila hizo mbili unakuwa na mdoli mzuri wa mezani. Andaa somo lako mwenyewe.

Nilimpigia fundi nikamweleza haya yote kwa upole, akasikiliza, akasema pazia moja na mbuzi wa pili anaweza bila kuongeza bei, kiti na ngazi ataacha ukimwambia wakati wa kuagiza, kwa hiyo mwambieni mapema. Kwa mikoani anafunga kwenye boksi la mbao na kutuma kwa basi, usafiri unalipia mwenyewe, na hakikisha paa limefungwa peke yake maana la mwenzangu wa Dodoma lilifika limepasuka. Kwa watoto chini ya miaka 6 nisingeshauri, vile vyombo vya ndani ni vidogo wanaweza kuweka mdomoni. Kwa kipaimara na kwa madarasa ya watu wazima ndo mahali pake, panga vipindi visivyopungua vinne, na kile cha Walawi 16 kipe jioni nzima.